Papa kwenye Benchi la Waliotengwa

Tulimzika papa, yaani baba, Jumamosi, na mpaka sasa sijalia. Nakuambia wewe kwa sababu hapa msibani siwezi kumwambia mtu. Nilipanda boti kutoka Goma, nikashuka bandari ya Bukavu, nikafuata njia ya Nguba na begi mgongoni, nikaingia uani palipofungwa mahema, wanawake wakanipokea kwa vilio. Nikasimama katikati yao macho makavu, kama mtu aliyekuja kuuliza bei ya kitu. Moyo umekufa ganzi. Maneno ya watu yanafika masikioni, halafu hayashuki.

Jambo moja tu lilinigusa, tena halikuwa huzuni. Kwaya mbili zilifika kwa saa ileile. Moja ya parokia, na ngoma zake na vitenge vya buluu. Nyingine ya kanisa la kiprotestanti, lile lililo juu ya barabara, na gitaa na kipaza sauti kinachokohoa. Papa alikuwa mkatoliki tangu alipomwagiwa maji kichwani akiwa mtoto mchanga, kila mtu anajua. Wakuu wa kwaya wakaanza kubishana kwa sauti ya chini pembeni mwa jeneza, nani aimbe kwanza.

« Muzee alibatizwa kwetu, » alisema yule wa parokia.

« Alibatizwa kwenu, ndiyo, » akajibu yule wa pili, « lakini ku banc ya batengwa alikaa kwetu. Miaka yote ile. Kwenu nani alimuwekeaka hata kiti? »

Vijana waliobeba viti wakatazamana, hawakuelewa kitu. Mimi nilielewa. Ningekuwa na nguvu ningecheka. Basi keti, rafiki yangu, nikusimulie habari ya benchi hilo, maana nikisimulia angalau mdomo unafanya kazi.

Sikuzaliwa katika nyumba hii. Baba aliyenizaa alikuwa mchimba dhahabu kule Mwenga, na siku moja ya mvua shimo lilimfunika pamoja na wenzake, wala hawakutolewa. Mama alibaki na mimi na mdogo wangu wa kiume. Kanisa lake ndilo lililotulisha mwaka ule: wanawake wa kwaya walileta muhogo, wanaume wakaezeka upya jiko letu. Mama alikuwa akisema kwamba Mungu ana mikono, na yeye ameiona, ina sugu za jembe. Baadaye alishuka Bukavu kuuza mawese, na kanisa hilohilo likampa barua ya kumpokea katika tawi lake la hapa.

Papa alikuwa magasinier bandarini, mtunza ghala ambamo mizigo ya boti ililala kabla ya kupanda mjini. Alikuwa amefiwa na mke, ana watoto watatu: binti mkubwa aliyekuwa anaanza kuota kifua na kiburi, na wavulana wawili wasiojua kukaa kimya. Alinunua mawese kwa mama mara moja, mara ya pili, halafu akawa anayanunua mengi mno kwa nyumba ya watu wanne. Wauza samaki waliokaa jirani na mama walielewa kabla yake. Kama ujuavyo, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Waliooana ni watu wazima, na kila mmoja alikuja na Mungu wake amemfunga vizuri. Papa hakutaka kuacha parokia, mama hakutaka kuacha kanisa lake. Padri alibariki ndoa kwa ruhusa kutoka juu, na mchungaji wa mama akaja akaketi mstari wa mbele, mikono kifuani, bila kutamka amina hata moja. Ndivyo tulivyohamia Nguba, katika nyumba hii ya matofali nusu na mbao nusu, juu ya mteremko unaoshuka mpaka ziwani.

Nikifumba macho nasikia asubuhi za hapa. Bidoni za njano zikigongana watoto wakishuka ziwani kuteka maji, kwa sababu bomba lilikuwa linatoa hewa tu. Kinu cha mama kikitwanga sombe, majani ya muhogo. Boti ya Goma ikipiga honi, na papa akiinua kichwa kutoka kwenye kikombe cha chai, kwani honi hiyo ndiyo ilikuwa bosi wake. Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wakikaangwa kwa jirani ilipita ukuta wa mbao bila kubisha hodi. Mama alipika kwa mawese mengi, chakula kikawa chekundu, na wale watoto wa papa, waliozoea maharage meupe ya marehemu mama yao, walikitazama chakula kama kimejeruhiwa.

Mezani tuliomba mara mbili. Kwanza papa: ishara ya msalaba, maneno machache, ishara ya msalaba. Halafu mama, aliyefumba macho akaanza safari. Aliombea wagonjwa, wasafiri, wachimbaji walio chini ya ardhi, wajane wa Shabunda, serikali, na mwisho kabisa sahani zilizokuwa mbele yetu. Bugali ulipoa. Wavulana wa papa walijifunza kufungua jicho moja na kuchagua kipande kikubwa cha samaki kabla ya amina. Papa hakuwahi kuharakisha. Alikaa ameinamisha kichwa mpaka mwisho, ingawa alikuwa mtu wa kupenda chakula cha moto.

Binti mkubwa ndiye aliyekuwa mlima. Hakumtukana mama hata siku moja. Ila hakumwita kwa jina lolote. Akitumwa kutuita kula alisema, « Imeiva, » bila kusema nani ameivisha. Akihitaji kitu kutoka kwa mama, alikiomba hewani, na mama akakitoa. Tulilala chumba kimoja, yeye kwenye kitanda chake na mimi kwenye kingine, na katikati yetu palikuwa na mpaka usioonekana ambao hata panya waliuheshimu.

Na mimi nilitaka nini? Nitakuambia waziwazi, maana siku hizi sina nguvu za kuficha. Nilitaka tubaki. Nilitaka hivyo kuliko nguo, kuliko shule. Papa, ambaye wakati huo bado nilimwita tonton, yaani mjomba, alikuwa na desturi ya kutuuliza jioni, mmoja mmoja, kile tulichokiona siku hiyo. Si tulichojifunza, tulichokiona. Nilipofikiwa mimi, alinigeukia na mwili wote, sawasawa na alivyowageukia watoto wake. Niliokota vitu vya kumwambia kuanzia asubuhi. Nilikuwa nimeshaona nyumba ikifunikwa mara moja, nikajua nyumba zinaweza kufunikwa, kwa hiyo nilitembea polepole ndani ya hii.

Sasa uje mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari. Shirika la papa, ile jumuiya ndogo ya wakatoliki wa avenue, yaani mtaa wetu, lilikuwa na sanamu ya Bikira Maria, ya plasta, urefu wa mkono wa mtu mzima, vazi la buluu, kidole kimoja kimevunjika. Katika mwezi ule sanamu ilizunguka nyumba kwa nyumba. Ilifika kwako alasiri kwa nyimbo, mkasali rozari jioni, ikalala sebuleni juu ya kitambaa cheupe, asubuhi ikaenda kwa jirani. Nyumba ya papa ilikuwa kwenye mzunguko tangu zamani, na hakuna aliyekumbuka kwamba sasa mwenye jiko ni mtu mwingine.

Zamu yetu ilipofika, papa alikuwa amezuiwa bandarini na boti iliyochelewa. Mama alikuwa uani na mchi mkononi, viganja vimekuwa kijani. Akasikia nyimbo zikishuka njia. Kina mama wa shirika wakaingia, mbele yao mkuu wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, amebeba sanamu kama mtoto. Ndipo wakamwona mama, na wimbo ukafifia.

Unajua alichofanya? Alinawa mikono. Akafungua mlango wa mbele, ule wa wageni, akawaambia, « Karibuni. Muingie na yeye. » Wakaingia wakasali. Mama alisimama kando ya mlango mikono nyuma, hakupiga goti, hakufungua mdomo, hakutoka nje vilevile. Walipomaliza wakaacha sanamu juu ya meza na mshumaa mbele yake, wakaenda zao wakigeukageuka.

Halafu mvua ikaanza. Mama akaketi sebuleni akimtazama mgeni wake, uso umekunjamana kwa mawazo. Sebule yetu ilikuwa ndiyo mahali papa na wenzake walipokunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na harufu yake ilikuwa imeingia mpaka kwenye mito ya viti. Paa lilivuja pembeni. Kwa kina mama wa Mwenga kuna jambo moja usilobishana nao: mgeni mwanamke halali sebuleni. Analala na mabinti wa nyumba, kitandani, na mabinti wanashuka chini. Tena halali njaa.

« Mimi siwezi mulalisha mama ya batu ku salon sawa muzigo, » alisema, bila kumwambia mtu yeyote. « Na baridi hii. »

Akambeba. Akaingia naye chumbani kwetu, akasimama kidogo kati ya vitanda viwili, halafu akamlaza kwenye kitanda changu, kichwa juu ya mto. Akamfunika kwa kitenge chake kizuri, kile cha harusi, mpaka kidevuni. Akatandika mkeka kwa ajili yangu. Akaleta sahani ya makemba, ndizi za kupika, na sombe, imefunikwa na sahani nyingine, na kikombe cha maji, akaviweka kwenye kibao karibu na kitanda. Kisha akatoka akaendelea na kazi zake.

Binti mkubwa alikuwa mlangoni ameona yote. Nilingoja apige kelele. Sanamu ile marehemu mama yake ndiye aliyekuwa akiipokea, ndiye aliyeshona kile kitambaa cheupe. Aliingia polepole, akamtazama Bikira Maria amejifunika kitenge, akaitazama sahani. Akachukua mto wake kutoka kitandani, akaja kulala mkekani kando yangu. Papa aliporudi amelowa, akachungulia, akatuona, akafunga mlango taratibu.

Asubuhi kina mama wa shirika walirudi kuchukua sanamu, na hawakuiona mezani. Wakaongozwa chumbani. Ninawaona mpaka leo wamebanana mlangoni, mkuu wao mbele, mdomo wazi. Mmoja alianza kucheka, mwingine akajikinga kwa ishara ya msalaba.

« Unatuchekelea? » mkuu akauliza. « Mama ya Mungu unamulaza sawa mugonjwa? Na chakula! Unamupatia plâtre chakula! »

Mama akamfunua kitenge mgeni wake. Alikuwa amefanya yote kama alivyofundishwa na mama yake, wala hakujua pa kuanzia kueleza.

Ndipo binti mkubwa akasema kutoka mkekani, nywele zimesimama, « Maman hakumuchekelea. Kwenu analalaka ku salon, fasi ya pombe. Kwetu alilala ku kitanda. »

Lilitoka hivyo tu, hilo *maman*, kama mtu anavyoangusha kijiko. Mama aligeuka upesi akajifanya anakunja kitenge. Mkuu wa shirika alichukua sanamu akaondoka, na sijui aliamini au la, ila mwaka uliofuata alimleta Bikira Maria mwenyewe mpaka chumbani na kuuliza kitanda ni kipi.

Ingekuwa imeisha hapo, ingekuwa kichekesho cha avenue. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Jirani yetu wa ukuta wa mbao alikuwa shemasi katika kanisa la mama, na asubuhi ile alikuja kuomba chumvi. Aliona sahani ya makemba ikitoka chumbani nyuma ya sanamu. Kabla ya jua kuwaka vizuri, kanisa zima lilijua kwamba muuza mawese ametoa sadaka ya chakula kwa sanamu na kulala nayo nyumba moja.

Mchungaji alikuja na wazee wawili. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Ni yuleyule aliyeipokea barua ya mama siku za kwanza. Waliketi sebuleni, wakakataa chai.

« Mama, uliabudu sanamu? »

« Hapana, muchungaji. »

« Chakula ulimuwekea? »

« Nilimuwekea. Alikuwa mugeni. »

« Sanamu iko mugeni? »

Mama akafikiri. « Walimuleta na nyimbo mpaka ku mulango, » alisema. « Ningefanya je? Nimufunge inje ku mvua? »

« Useme tu ulikosa, utubu, iishe. »

« Nikitubu kuabudu, nitakuwa nimedanganya mbele ya Mungu, juu sikuabudu. Munataka nidanganye? »

Wazee walitazama sakafu. Wakamtenga. Wewe usiyejua kanisa la namna hiyo, nikuelezee: aliyetengwa hafukuzwi. Anakuja ibadani, lakini anakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, peke yake na wenzake wa mkosi. Haimbi kwaya, hagusi Meza ya Bwana. Kila anayeingia anamwona, na hilo ndilo kusudi lake. Siku zile benchini palikuwa na msichana aliyebeba mimba bila ndoa, na fundi mmoja aliyekutwa na chupa. Mama akawa wa tatu, mpaka karibu na Noeli ambapo wangemwita mbele na kumuuliza tena.

Alirudi kutoka ibada ya kwanza ya namna hiyo akavua viatu, akaketi jikoni. Mama yangu, ambaye shimo lilimmezea mume na hakuacha kuimba, sasa aliacha. Siku chache baadaye nilimkuta akikunja nguo zetu, zangu na za mdogo wangu, akizipanga ndani ya gunia.

« Kanisa njo ilinibeba, » alimwambia papa. « Kama ya huku inanitupa, narudia ile yenye inanijua. Nitarudia Mwenga na batoto bangu. Bako balinijua, batajua siwezi fanya vile. Siko na hasira na weye. »

Papa alikuwa anavua soksi. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilingoja aseme usiende. Nilingoja akemee, aahidi, apige hata meza. Hakuna. Alikunja soksi moja ndani ya nyingine, akasema, « Ngoja kwanza yenga ipite. » Yenga ni Jumapili. Nilimchukia kwa hilo. Niliona kwamba kwake sisi tulikuwa mizigo ya ghala: inalala, kisha inapanda boti nyingine.

Jumapili ile papa alienda misa ya kwanza na watoto wake, kama kawaida. Sisi tukaenda kwa mama. Tulikuwa watoto, hatukutengwa, kwa hiyo niliketi katikati na mdogo wangu, shingo ikiniuma kwa kugeuka nyuma kumtazama. Wimbo wa pili ulikuwa unaimbwa mlango ulipofunguliwa, na papa akaingia. Suti ya kahawia, ile aliyoifungia ndoa. Rozari ilikuwa bado inaning'inia mfukoni.

Mzee wa mlango akamwonyesha viti vya wageni mbele, kwa heshima. Papa akamshukuru. Akageuka, akaenda kwenye benchi la waliotengwa, akasimama mbele ya mama. Mama hakuinua macho. Akasogea kidogo, kama wanavyosogea wake kitandani bila kuamka, na papa akaketi. Fundi wa chupa akamsalimia kwa mkono kama mwenzake wa kazini.

Kanisa lilinong'ona mpaka mhubiri akapoteza mstari wake. Papa hakujua hata wimbo mmoja. Maombi yalipoanza, akajikinga kwa ishara kubwa ya msalaba, na mama mmoja mbele yetu akaguna kama aliyechomwa na sindano. Alikaa mpaka mwisho. Njiani kurudi hakueleza kitu, alinunua tu karanga, tukala wote.

Jumapili iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Misa ya kwanza kwake, ibada ya pili kwa mke wake, na kila mara benchi lilelile. Kisha wavulana wake wakamfuata, kwa udadisi nadhani, na kwa sababu ya karanga. Binti mkubwa akaja mwisho, kitambaa kichwani, akaketi upande wa pili wa mama. Mimi na mdogo wangu tukaona tunafanya nini peke yetu katikati, tukahamia nyuma. Benchi la adhabu likawa limejaa nyumba moja, na yule msichana mwenye mimba akawa katikati yetu, mama akimpa mgongo wa kuegemea. Shemasi jirani alilazimika kupita mbele yetu wote kila alipoingia, na papa alimwamkia kwa jina lake, kwa furaha kabisa.

Lakini gunia lilibaki limefungwa chini ya kitanda, nami nililigusa kwa mguu kila nilipoingia kulala.

Siku ya kuitwa ikafika. Mchungaji akasoma majina, wakaenda mbele. Msichana akatubu, fundi akatubu kwa machozi mengi kuliko chupa aliyokunywa. Wakapokelewa. Akaulizwa mama.

« Zambi zangu zenye najua, nilizitubu zote, » alisema. « Ile ya mugeni, siijue. »

Mzee mmoja akatikisa kichwa. Mchungaji akamtazama mama kwa huzuni ya kweli, na nikajua kinachokuja, kwa sababu aliyekataa kutubu mara ya pili hufutwa kabisa. Nilikuwa tayari barabarani. Nilikuwa tayari Mwenga.

Papa akasimama nyuma kule.

« Muchungaji, munisamehe, mimi siko wa hapa. Ile mugeni alikuwa wa nyumba yangu. Mimi njo nilipashwa kumupokea, na nilichelewa ku port. Bibi yangu alifanya kazi yangu. Kama iko zambi, muiandike kwangu, na munitenge mimi. Yeye aende aimbe. »

Mchungaji akashusha karatasi ya majina. « Papa, » alisema mwishoni, « wewe hauko mukristu ya kanisa hii. Siwezi kukutenga. »

« Basi haina neno, » papa akajibu, akaketi tena. « Nitakaa tu. »

Kicheko kilianzia kwa kina mama wa kwaya. Kikapita kwa vijana, kikamfikia yule mzee aliyetikisa kichwa, na alipokipata hakuweza kukizuia, akalazimika kutoa leso. Mchungaji alijitahidi, mabega yakamsaliti. Akashuka kutoka jukwaani, akamshika mama mkono, akampeleka mwenyewe mpaka kwaya ilipokaa, akasema mbele ya watu kwamba anayelisha mgeni asije akahukumiwa na waliokataa chai yake. Mama akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa kukaa bila kazi, na ilikuwa mbaya sana, na mimi nilikuwa na furaha tele.

Jioni ile nilipofikiwa kuulizwa kile nilichokiona, nilimwambia, « Nilikuona wewe, papa. » Sikuita tonton tena.

Gunia mama alilitoa nguo zetu, akatia mihogo. Na papa, kama alivyoahidi, alikaa. Jumapili zote zilizofuata, baada ya misa yake, alipanda barabara na kuketi kwenye benchi lile karibu na mlango. Hakuwa na benchi lingine mle ndani. Waliotengwa waliokuja baada yake walimkuta pale, na nasikia wengine waliona afadhali watengwe kuliko kukaa mbele. Alijifunza nyimbo zote, akaziimba kwa sauti isiyo yake. Mama alipofariki, niliamini ataacha. Hakuacha mpaka magoti yalipokataa kupanda ile barabara.

Sasa kanisa limejengwa upya kwa saruji, lina viti vya plastiki vyeupe, na karibu na mlango pana spika kubwa. Mchungaji alikufa. Jirani wa chumvi alihama mteremko ulipokula jiko lake. Kina mama wa shirika wamebaki wachache, na sanamu sijui iko kwa nani. Mmoja wa wavulana yuko Kampala na hakupata njia ya kuja, kwa hali hii ya sasa. Mdogo wangu yuko hapa, anapanga viti, anapokea watu, nao wanamwambia pole kwa kufiwa na baba. Katika avenue nzima hakuna tena mtu anayekumbuka kwamba tulikuwa nyumba mbili. Nimeamka na wazo hilo leo asubuhi na nimejaribu kulihuzunikia, nikashindwa, wala sijui kama ni jambo la kuhuzunikiwa.

Jana alasiri nilikuwa uani naosha sahani za msiba. Mama mmoja mpangaji, aliyehamia hapa juzijuzi, alisimama akanitazama kwa muda.

« Weye njo ulifanana muzee kabisa, » akasema. « Ile pua. Hata macho. »

Pua yangu ni ya mchimba dhahabu aliye chini ya udongo wa Mwenga. Dada yangu mkubwa alikuwa kando yangu anafuta. Alisimamisha kitambaa, akaningoja.

« Ndiyo, maman, » nikamjibu. « Batu bote banasema vile. »

Dada akanyoosha mkono kupokea sahani nyingine.